Fomu ya Imenitosha

Ulimwona. Usijikune kichwa, ulimwona. Kwa miaka mitatu alipita mbele yako kila asubuhi, mtu mrefu juu ya pikipiki fupi, magoti yamemwinukia mpaka viwikoni kama panzi aliyekalia kijiti. Nawe ulifanya moja kati ya mawili: ulicheka, au ulitazama kando. Waliocheka afadhali, maana angalau walitazama. Na siku alipoanguka pale getini kwa ofisi ya maji, mchana kweupe, umati ulikuwepo. Ilipoulizwa nani ameona, kila mtu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hata waliovaa ndala.

Basi sikiliza, maana hadithi hii na wewe umo.

Yule aliyeanguka walimwita Mlingoti. Alikuwa msoma mita wa ofisi ya maji, na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, ni msoma mita vilevile, nao wenzake wanamwita Ngazi. Ukoo wao haujui kuzaa wafupi. Nyumbani kwao vizingiti vyote vina mng'ao katikati, mahali mapaji ya uso yalipopiga miaka na miaka, na marehemu baba yao alikuwa akisema kwamba nyumba ile haikupakwa rangi, ilipakwa vichwa. Mama yao naye, kwa kupenda mashairi, aliwapa wanawe majina yanayoanza kwa herufi moja. Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha tu, mpaka walipoajiriwa ofisi moja. Ofisini mtu huandikwa herufi yake ya kwanza na jina la baba. Kwa hiyo kwenye karatasi kaka na dada walikuwa mtu mmoja. Na saini zao? Wote wawili walijifunza kwa baba: jina lake, kisha mkia mrefu uliojikunja kama nyoka anayelala.

Kumbuka hilo. Bwana Stoo alilikumbuka.

Kazi ya kusoma mita inaonekana ya kipuuzi kwa asiyeifanya. Unaingia ua wa watu, unasalimia, unatukanwa na mbwa, unainua kifuniko cha zege, unafuta tope kwa kidole gumba, unasoma namba, unaiandika pamoja na tarehe. Lakini ina dhambi zake mbili. Ya kwanza ni kukadiria: kukaa kivulini na kuandika namba aliyokunong'oneza moyo wako. Ya pili ni kuandika namba bila tarehe. Mlingoti ndiye aliyemfundisha dada yake siku ya kwanza ya kazi. Alimwambia, "Namba isiyo na tarehe ni uvumi, mdogo wangu. Mtu yeyote anaweza kuja kesho akaivalisha siku anayotaka."

Jumatano ile, asubuhi, wasoma mita waliitwa karakana. Bwana Stoo alipanda juu ya kreti ili aonekane. Yeye ndiye mtunza stoo mkuu, mtu mfupi, nadhifu, mwenye funguo nyingi kiunoni na kicheko kinachotangulia mzaha wenyewe.

"Ofisi imesikia kilio chenu," alisema. "Pikipiki mpya zimekuja. Na safari hii hatumpangii mtu. Kila mmoja atakalia, atapima, atachagua ile inayomtosha. Starehe yenu ndiyo starehe yetu!"

Wakapiga makofi. Ngazi hakupiga. Alisimama nyuma, kama ilivyo kawaida ya warefu, mikono ameifumbata, akahesabu. Miaka saba yuko pale. Katika miaka hiyo saba ofisi ilimchagulia viatu, koti la mvua lililomfika kiunoni, njia ya kupita, hata rangi ya kalamu. Leo wanamwambia achague? Mwizi akikusaidia kufunga mlango, jua ameshaingia ndani.

"Mbona hupigi makofi, Ngazi?" aliuliza mwenzake mmoja, jamaa mwenye kofia asiyeivua hata akila. "Mikono imechoka kushuka huko juu?"

"Naiweka akiba. Kuna siku nitaihitaji kujishika kichwa."

Alhamisi aliitwa yeye kwanza. Hilo nalo lilimkera. Siku zote huitwa mwisho. Pikipiki kumi na moja zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, zinang'aa, bado zina nailoni kwenye viti. Bwana Stoo alizionyesha kwa mkono wote, kama mwenye harusi anayeonyesha vyakula.

Ngazi alivua mkoba wake akapanda ya kwanza. Alifanya kama kaka yake alivyomfundisha, wakati kaka yake tayari alikuwa hafai kupanda chochote. Usitazame rangi. Kaa, uondoe miguu chini, uiweke juu ya vikanyagio. Magoti yakipita usawa wa kiuno, hiyo siyo pikipiki, ni kigoda. Nyoosha mgongo. Mikono ikikuvuta mbele mpaka unainama kama anayetafuta sarafu, shuka. Mwisho, na hili ndilo kuu kuliko yote, kata usukani mpaka mwisho, kushoto, halafu kulia. Kitu chochote kikikugusa, shuka, uende zako.

Alikata kushoto. Ncha ya usukani ilimgonga goti nusu ya safari, ko! Akakata kulia. Ko! Akapanda ya pili. Ko. Ya tatu.

"Vipi, umependa ipi?" aliuliza Bwana Stoo.

"Nipende ipi, bosi? Hizi ni mapacha kumi na mmoja."

"Rangi zinatofautiana. Kuna nyekundu, kuna ya bluu."

"Goti langu halioni rangi."

Bwana Stoo alicheka, kicheko kikatangulia, kisha akatazama nyuma yake kama mtu anayetaka kutoa siri nzuri. "Nilijua. Dada yangu, nilijua. Wewe nimekuwekea ya kwako." Akampeleka kwenye kona ya karakana, akalivuta turubai.

Ilikuwa pikipiki kuukuu iliyopakwa rangi upya, kijivu, rangi ile ya kupaka kwa haraka. Lakini ilisimama juu. Kiti chake kilimfika Bwana Stoo karibu na kifua. Ngazi alirusha mguu, akakaa.

Hapo ndipo alipoogopa.

Maana ilimkaa. Maisha yake yote vitu vilikuwa vikimkataa: vitanda, meza, mabasi, sare. Hii ilimpokea. Magoti yalikunjika kidogo tu, kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha babu. Vikanyagio vilikuwa chini, mahali ambapo miguu yake ilikwenda yenyewe bila kutafuta. Mgongo ulinyooka. Usukani ulikuja mpaka mikononi mwake, wala hakuufuata. Alikata kushoto mpaka mwisho: kimya. Akakata kulia mpaka mwisho: kimya. Kati ya usukani na goti ungeweza kupitisha kichwa cha mtoto.

"Imetoka tawi jingine," alisema Bwana Stoo. "Haijatumika sana. Bahati yako."

Mtu aliyezoea njaa akikuta sahani imejaa mezani kwake, hali kwanza. Anauliza nani amepika. Pikipiki hizi hazitoki kiwandani na usukani namna hii. Nani alikaa akawaza urefu wa miguu yake? Nani, katika ofisi ambayo haikuweza kumpatia koti? Kidole gumba chake kilifanya kazi yake bila kuamriwa: kilifuta vumbi kwenye kioo cha mita ya mwendo. Akasoma. Elfu thelathini na moja, mia nne kumi na tisa.

"Haijatumika sana, bosi? Mbona inasema elfu thelathini na moja?"

"Aa, hiyo mita mbovu," alisema Bwana Stoo upesi.

Mita mbovu! Neno hilo Ngazi hulisikia kila siku, na hulisikia kwa watu wa aina moja tu, wale waliounga bomba kwa siri nyuma ya choo. Hajawahi kumsikia mwenye bomba halali akisema mita mbovu kabla ya kuitazama.

Bwana Stoo tayari alikuwa amenyoosha fomu na kalamu. Karatasi moja, mistari michache. *Mimi niliyetajwa hapa chini nimeikagua na kuikalia pikipiki hii, nayo imenitosha.* Namba ya chombo ilikuwa imeshaandikwa. Jina lilikuwa limeshaandikwa: herufi moja, na jina la baba. Palibaki pa kutia saini. Na pa tarehe.

"Saini tu hapo," alisema. "Tarehe acha, nitajaza mwenyewe. Nisikusumbue."

Ngazi aliishika kalamu. Mtu huyu mwaka jana alimrudisha nyumbani kutwa nzima kwa sababu alisahau kuandika tarehe kwenye hati ya kuchukulia betri ya tochi. Leo tarehe ni usumbufu?

"Nipe mpaka kesho, bosi. Nataka nilale nayo."

"Ulale na pikipiki?" Kicheko. Halafu kicheko kikakatika, maneno yakabaki makavu. "Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho. Asiye na pikipiki hana njia, na asiye na njia hana kazi hapa. Njia yako wapo wanaoimezea mate, dada yangu. Usije ukasema hukuambiwa."

Jioni, jua bado lipo, Ngazi alimkuta kaka yake barazani akishona mwavuli wa mtu. Ndiyo kazi yake sasa, miavuli na zipu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele juu ya kigoda, kwa sababu haukunjiki. Miaka minne haujakunjika.

"Pita kwa adabu," Mlingoti alimwambia. "Mguu huu ni afisa. Haupigi goti mbele ya mtu."

Mzaha huo aliutoa kila siku. Ngazi aliucheka kila siku. Leo aliuruka kama jiwe, akaingia ndani, akavuta sanduku la chini ya kitanda lenye madaftari yake ya zamani. Ofisi huyataka madaftari yarudishwe yakijaa. Yeye hunakili kila kitu kabla ya kurudisha. Ndivyo alivyo. Waliomdhulumu wanasema ana kinyongo. Yeye ana tarehe tu.

Akalipata la mwaka ule, ukurasa wa siku ile. Siku ile alifika getini mbio na kumkuta kaka yake chini, mguu umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Hakuweza kuutazama. Macho yake yalitafuta kitu cha kushika, yakaikuta mita ya pikipiki iliyolala, akafanya ajuacho kufanya. Aliisoma. Akaiandika, na tarehe.

Elfu thelathini na moja, mia nne na saba.

Alitoka barazani akiwa ameliweka daftari kifuani. "Kaka. Ile pikipiki yako walisemaje?"

"Waliiuza chuma chakavu. Kwa nini?"

"Nimeikalia leo."

Sindano ilisimama. Ngazi alimweleza yote, rangi ya kijivu, usukani ulioinuliwa, kilomita kumi na mbili zilizoongezeka kwa miaka minne, fomu isiyo na tarehe. Mlingoti alisikiliza huku akipapasa goti lake gumu, kama anayemtuliza mnyama.

"Wewe ulisaini fomu hiyo?" aliuliza Ngazi.

"Sikusaini. Nilikata usukani mbele yake, goti likagonga. Nikamwambia, bosi, hii haijanitosha. Akanicheka. Akasema panda tu, utaizoea, fomu tutamaliza kesho. Ile kesho ilichukua miaka mitatu, halafu siku moja mkokoteni ukakatiza getini, nikakata usukani kwa nguvu, goti likauzuia." Alilipapasa tena lile goti. "Au labda nilizembea kweli, mdogo wangu. Waliandika uzembe wa mwendeshaji. Neno ukilisoma mara nyingi linaanza kufanana na wewe."

Hilo ndilo lililomchoma Ngazi kuliko mguu. Mguu walimvunjia mara moja tu. Neno lile walimvunja nalo kila asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika barua kwa mkaguzi wa kazi, ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba, akiomba neno lile lifutwe. Hajajibiwa hata moja.

Ijumaa alifika karakana kabla ya watu. Aliyemtangulia ni Fundi Spana peke yake, mzee aliyefanya kazi pale tangu ofisi ilipokuwa chumba kimoja. Alikuwa ameinama juu ya ndoo ya mafuta taa, anaosha nati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Umewahi."

"Nani aliinua usukani wa ile ya kijivu?"

Nati ilianguka ndooni. Fundi Spana hakuitafuta. Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, taratibu, na Ngazi alimtazama vile alivyomtazama Bwana Stoo, maana mtu akiumwa na nyoka haamini hata ukambaa.

"Njoo," alisema mzee. Akalivua turubai, akapiga magoti kwa shida. "Tazama. Hivi vipande vya chuma chini ya usukani nilichonga mimi, upana wa vidole vinne. Waya wa klachi na wa breki ilibidi nitafute mirefu, ile ya mwanzo isingefika. Vikanyagio nimevishusha. Kitini kuna sponji mbili. Kila nikimaliza kitu nilikuwa naizungusha hapa uwanjani, raundi mbili tatu."

"Kilomita kumi na mbili."

Mzee alimtazama. "Umesoma."

"Ndiyo kazi yangu. Nani alikutuma?"

"Hakuna. Baada ya ajali niliandika kwenye kitabu cha karakana: usukani unagonga magoti ya mtu mrefu, hauzunguki mpaka mwisho, ndiyo sababu ya kuanguka. Bwana Stoo alikuja akaung'oa ukurasa mbele ya macho yangu. Akaniambia, wewe ni wa spana, kalamu tuachie wenyewe. Basi." Aliinua mabega. "Nilichokatazwa kuandika kwa kalamu nikakiandika kwa spana."

"Na mdomo, fundi? Mdomo nao alikung'oa? Miaka minne kaka yangu anashona miavuli akijiita mzembe, nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Nikiogopa. Nilijua kwenu hamzai wafupi, nikasema ipo siku atakuja mwingine, angalau huyo akute pa kukaa. Najua haitoshi."

"Haitoshi."

"Najua."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu jana uliifuta ile mita kwa kidole gumba, kama yeye. Na kwa sababu barua yako ya saba imejibiwa, binti. Jibu lilipitia hapa ofisini, halikutoka. Mkaguzi wa kazi anakuja Jumatatu saa tatu asubuhi. Anataka kuona pikipiki ya ajali, na anataka kuona fomu ambayo kaka yako alikiri kwamba imemtosha."

Ngazi alikaa juu ya kreti, ile ile ya hotuba. Kila kitu kilijipanga mbele yake kama tarakimu nyuma ya kioo ukishafuta tope. Pikipiki ni ile ile. Jina kwenye karatasi ni lile lile. Saini itakuwa ile ile, mkia na nyoka wake. Ilibaki tarehe tu, na tarehe Bwana Stoo angeijaza mwenyewe, ya miaka saba nyuma. Mkaguzi angeikuta pikipiki imeinuliwa, nzuri, ya starehe, na angeikuta saini ya mtu mrefu akisema imenitosha. Angeangalia, angetikisa kichwa, angeandika uzembe kwa mara ya pili. Na safari hii uzembe huo ungeandikwa kwa mkono wa dada yake.

Saa sita kasoro robo wasoma mita wote walikuwa uwanjani, wanachagua rangi. Ngazi alimfuata Bwana Stoo katikati yao.

"Nipe fomu, bosi."

Uso wa Bwana Stoo ulifunguka kama dirisha. "Eeh! Nilijua una akili. Imekutosha?"

"Imenitosha sana."

Aliilaza fomu juu ya tangi la pikipiki ya kijivu, akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama anavyoandikia wateja wabishi. Mbele ya ile herufi moja alilijaza jina lake zima, la kike, lisiloweza kuwa la kaka yake hata kwa bahati mbaya. Aliandika tarehe ya siku ile, na saa. Aliandika mita: 31,419. Na chini ya neno *imenitosha*, palipokuwa na nafasi ndogo, alibana mstari huu: *kwa sababu baada ya ajali ya kaka yangu usukani wake uliinuliwa vidole vinne. Siku ya ajali, kabla haujainuliwa, mita ilisoma 31,407.* Halafu akatia saini, mkia na yote, akaipiga picha kwa simu yake.

Bwana Stoo aliisoma. Safari hii kicheko hakikutangulia, wala hakikufuata.

"Umeharibu fomu."

"Nimeijaza."

"Nitakupa nyingine."

"Na hiyo nitaijaza."

"Wewe mwanamke, unajua unachofanya? Hii ni mali ya ofisi!"

"Na mguu je? Mguu ulikuwa mali ya nani?" Ngazi aliwageukia wenzake. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja ameshika usukani wa pikipiki yake. "Jamani, kabla hamjasaini. Kaeni. Wekeni miguu juu. Kateni usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Basi, hilo tu. Siwaombi kingine."

Jamaa mwenye kofia, ambaye baada ya Ngazi ndiye mrefu kuliko wote, alikaa juu ya ile nyekundu kama anayefanya mzaha. Akakata kushoto.

Ko!

Mlio mdogo tu, wa chuma na mfupa. Lakini uwanja mzima uliusikia. Jamaa alilitazama goti lake. Akakata kulia, taratibu, akitumaini halitagongwa. Ko. Akavua kofia. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kukiona kipara chake.

"Kumbe ndiyo hivi," alisema.

"Ndiyo hivi," alisema Ngazi. "Jumatatu saa tatu mkaguzi wa kazi atakuwa hapa. Baadhi yenu mlikuwa getini siku ile. Mliona usukani ulivyokwama. Nani atakuja kusema?"

Na hapo, ndugu msomaji, kumi na mmoja waliinama. Ungeapa kwamba kamba zote za viatu zimefunguka kwa pamoja.

Fundi Spana peke yake aliinua mkono, spana bado imo kiganjani. "Mimi nitasema."

"Wewe?" Bwana Stoo alipata pumzi. "Mzee aliyebakiza miezi minne astaafu? Watasema una kinyongo. Na huyu ni dada wa mtu. Nani atawasikiliza, mzee na dada?" Akanyoosha kiganja mbele ya Ngazi. "Ufunguo wa ile uliyokuwa ukiendesha. Huna pikipiki, huna njia."

Ngazi aliuweka ufunguo kiganjani mwake. Akachukua mkoba, akalitia daftari ndani, akatoka getini kwa miguu yake mirefu, akaenda kusoma njia yake nyua zote arobaini na tatu, kwa mguu, kwenye jua, na kila namba aliiandikia tarehe. Mchana ule ulimwona pia. Alipita karibu nawe. Ulitazama kando.

Sasa, Bwana Stoo alisema kweli moja tu maishani mwake: mzee na dada hawatoshi. Anahitajika asiye ndugu, asiyedai, asiyetafuta kitu, mtu aliyekuwa amesimama tu getini siku ile na macho yake mawili. Yaani wewe. Uliuona mkokoteni ukikatiza. Uliuona usukani ukigota gotini. Uliusikia mlio ule kabla ya mlio mwingine.

Jumatatu. Saa tatu asubuhi. Karakana ya ofisi ya maji, mlango wa chuma upande wa nyuma. Sema ulichoona, usikadirie. Taja jina lako lote, na tarehe. Na kama wewe huko uliko hukuwahi kuwa getini pale, huna pa kujificha vilevile: kuna mtu mrefu kazini kwenu leo amepewa chombo kifupi na fomu ya kusaini. Mfuate kabla hajashika kalamu. Mwambie akae, akate usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, na wewe usimame hapo hapo usikilize.

Inama sasa, funga kamba za viatu vyako. Safari hii zifunge kwa sababu unakwenda.